Komeo lilikuwa kwa ndani! Ukurasa wa 312 ni matusi kwa msomaji

Komeo_la_Chuma:
Wakuu, nimekifunga kile kitabu sasa hivi na hasira inachemka. Hakuna haja ya kukitaja, mnakijua, na mwandishi wake mnamjua.

Chumba hakina dirisha. Mlango mmoja, komeo la chuma limesukumwa kwa ndani, ufunguo umo kwenye tundu, nao kwa ndani. Marehemu ana kisu mgongoni. Kurasa 311 nzima mpelelezi anapima fremu, anakagua bawaba, anagonga kuta akitafuta uwazi. Tunamfuata kama watoto wanaomfuata mpiga ngoma. Halafu ukurasa wa 312, kati ya 318, muuaji anatoa saa mfukoni, anaizungusha, anasema alirudi jana yake mlango ukiwa wazi.

SAA. MFUKONI. Saa ambayo haikutajwa hata mara moja!

Mwandishi huyu akiandika kitabu cha mapishi, ukurasa wa mwisho chakula kitakuwa kimeiva juzi. Mwaka 1929 padri Ronald Knox aliweka amri 10 za hadithi za upelelezi. Ya nne inakataza chombo kinachohitaji maelezo marefu ya kisayansi mwishoni. Ya nane inataka kila dalili anayoipata mpelelezi aonyeshwe msomaji papo hapo. Huyu kazivunja zote mbili kwa kutia mkono mfukoni.

Bawaba3:
Mleta uzi, ulitaka apite wapi, chini ya mlango kama barua? Jalada lenyewe lina mshale wa saa unaorudi nyuma. Ulikuwa unasoma umefumba macho.

Komeo_la_Chuma:
Mshale wa jalada si dalili! Dalili inakaa ndani ya hadithi. Saa ilitakiwa ionekane mezani mapema, ikienda kinyume au ikiwa na saa isiyolingana na ya ukutani. Mfukoni, ukurasa wa 312!

Pini_na_Uzi:
Kinachouma ni kwamba mlango ule ulifungika bila miujiza. Unachomeka pini kwenye fremu, upande ambao komeo linaelekea. Unazungusha uzi imara kwenye kishikio cha komeo, unaupitisha nyuma ya pini, ncha zote mbili unazitoa nje chini ya mlango. Ukivuta, komeo linaingia. Kisha unaachia ncha moja, unavuta nyingine, uzi wote unatoka. Pini nayo inahitaji uzi wake wa kuing'olea. Komeo likiwa na kutu, uzi unakatika na kipande kinabaki ndani. Pini huacha kitundu kwenye mbao. Ufunguo unageuzwa kutoka nje kwa koleo jembamba linalobana ncha yake, na koleo huacha mikwaruzo. Kitundu, mikwaruzo, kipande cha uzi: dalili tatu za bure, na hakutumia hata moja.

Daktari_wa_Riwaya:
Mkuu, hata safari ya muda ingekubalika, ila ifanye kazi kwenye maiti, siyo kwenye mlango. Maiti huanza kukakamaa taya na shingo saa 2 hadi 4 baada ya kifo, mwili mzima kwa saa 12 hivi. Sasa mfanye marehemu aonekane hai saa 3 usiku, mlango uvunjwe saa 5, akutwe amekakamaa hadi vidole vya miguu. Mwili una masaa ambayo nyumba haina! Hapo swali halibaki "alitokaje", linakuwa "alikuwemo lini". Joto huharakisha kukakamaa na baridi huchelewesha, kwa hiyo mapema kabisa uonyeshe jiko limezimwa na chumba ni baridi, msomaji asije kusingizia moto.

Komeo_la_Chuma:
Hicho ndicho kitabu nilichodhani nasoma!! Badala yake, mfukoni.

Mzunguko:
Nyote mmeacha kosa kubwa. Dunia inalizunguka jua kwa kilomita 30 hivi kila sekunde. Ukirudi jana ukiwa umesimama palepale, chumba kiko zaidi ya kilomita milioni 2.5 mbali. Muuaji angeibukia kwenye anga tupu.

Bawaba3:
Haya, sasa tumefika angani.

Kikombe_cha_Mwisho:
Afadhali saa ya mfukoni kuliko sumu za waandishi hawa wa upelelezi. Mtu anakunywa aseniki funda moja, anaanguka kabla kikombe hakijafika mezani! Aseniki inaua kwa saa nyingi, hata siku, kwa kutapika na kuharisha. Mnaachaje hilo mnagombania komeo?

Daktari_wa_Riwaya:
Na klorofomu je? Kitambaa puani, sekunde mbili mtu chali. Inahitaji dakika kadhaa za kuvuta mfululizo, na mtu akipambana inachukua muda zaidi.

Komeo_la_Chuma:
Jamani, turudi ukurasa wa 312.

Kikombe_cha_Mwisho:
Kuna kitabu kingine walichomimina klorofomu kwenye leso kavu, ikatumika saa nzima baadaye. Inakuwa imeshayeyuka hewani yote!

Pini_na_Uzi:
Hicho ninacho. Subirini nifungue sura ya leso.