Gole la Kishingo

Kikundi: MAJIRANI MIKINDANI

Mama Nuru, 06:04
Jamani mmeamkaje. Kishingo, kuku wa Nuru, hali chakula tangu juzi. Amejikunyata, gole (ule mfuko wa chakula chini ya shingo) limetuna kama chungwa. Kinyesi kidogo, kijani. Na kumchinja haiwezekani, mnamjua Nuru.

Bi Somoe, 06:07
Mpe maji ya sukari na maziwa apate nguvu.

Saidi Mifugo, 06:10
Shikamoo Bi Somoe. Sukari na maziwa visubiri. Mama Nuru, leo amekula chochote? Kama bado, usimpe. Bonyeza gole taratibu: gumu kama ugali uliolala, au linabonyea kama puto la maji?

Mama Nuru, 06:16
Hajala. Linabonyea, ila ndani kuna donge kama kamba zimesokotana. Mdomo unanuka togwa iliyopitiliza.

Saidi Mifugo, 06:21
Basi ana yote mawili. Kuku mzima akiamka gole huwa tupu, usiku kucha chakula kinashuka firigisini. Lake limeziba, kilichobaki juu kimechacha na fangasi wanazaliana humo. Ndiyo maana nimekataa sukari Bi Somoe, watakaoshiba ni fangasi.

Bi Somoe, 06:22
Marahaba mwanangu. Hizo kamba ni makumbi. Pale uani kwao nazi zinafuliwa kila siku, kuku wanadonoa nyuzi.

Baba Asha, 06:23
Mgeuze kichwa chini umkamue, atatapika yote 😅

Saidi Mifugo, 06:24
Usithubutu! Tundu la hewa liko hapo hapo nyuma ya ulimi. Yale maji yakiingia mapafuni anafia mkononi.

Saidi Mifugo, 06:33
Fanya hivi. Mtenge kwenye boksi, pahali pa joto, chini tandika gazeti. Majani makavu atayala. Chakula hapana kwa saa 24, maji safi yawepo.
Mafuta ya nazi mililita 5, vuguvugu tu. Tumia bomba la sindano, sindano yenyewe uitoe. Mfunge mabawa kwa kanga, akae wima mapajani. Ingiza ncha pembeni mwa mdomo, upande WAKE wa kulia (mkitazamana ni kushoto kwako). Matone mawili matatu, ameze, ndipo uongeze. Ukiyasukuma yote kwa pamoja yanaingia njia ya hewa.
Kisha kanda dakika 5, ukilimegua donge kuanzia pembeni. Mara 4 kwa siku. Majimaji yakipanda mdomoni acha, mwachie atikise kichwa.

Mama Nuru, 06:36
Na harufu? Siki inatosha?

Saidi Mifugo, 06:38
Siki haiui fangasi waliokwisha jazana. Mwone daktari wa mifugo akupe nistatini, dawa ya fangasi, kipimo atakitoa kwa uzito wa kuku. Usimkatie kidonge cha mtu kwa kukisia.

Baba Asha, 06:40
Kijani hicho si mdondo?

Saidi Mifugo, 06:43
Swali zuri. Kuku asiyekula hutoa kijani pia, ni nyongo tupu. Wengine wakianza kukohoa, kupinda shingo au kufa kwa mfululizo, hapo shuku mdondo, nao hauna dawa. Ni chanjo tu, kwa walio wazima: tone moja jichoni kila miezi 3.

Bi Somoe, 06:45
Mimi wangu nawapondea magamba ya kombe, yasage chakula.

Saidi Mifugo, 06:47
Hayo yanayeyuka tumboni Bi mkubwa, faida yake ni ganda la yai. Kusaga kunataka mawe: changarawe ngumu, saizi ya punje za choroko. Mchanga laini wa ufukweni unapita tu.

*Kesho yake*

Mama Nuru, 06:02
Limepungua nusu! Kinyesi kimetoka na nyuzi. Harufu ipo ila si kama jana.

Saidi Mifugo, 06:09
Vizuri. Endelea kukanda. Leo yai la kuchemsha lililopondwa, kijiko kimoja cha chakula, mara 3. Kesho pima tena kabla hajala. Likibaki na donge hata baada ya kesho, daktari alipasue alisafishe. Usingoje akonde, ukipapasa kidari na mfupa umechongoka kama kisu umechelewa.

Mama Nuru, 06:12
Nuru anauliza, likipasuliwa halitavuja?

Saidi Mifugo, 06:13
Linashonwa mara mbili, gole kivyake na ngozi kivyake. Mwambie mahindi anayoficha mfukoni ayarudishe jikoni.