Tupeane uzoefu: vijana wa kijijini waliokwenda vita vya Kagera

Mto_Ngono:
Jana nilipanda basi kutoka Mutukula, mpakani na Uganda. Tulipoingia daraja la Kyaka, mzee aliyekaa mbele yangu akavua kofia, akainamisha kichwa hadi tulipomaliza mto. Sikumwuliza kitu, ila usiku sikulala. Mnaokumbuka 1978, tulipoingia vitani na Uganda ya Idi Amin, yule kijana wa kwenu aliondokaje? Alirudi?

BintiMchuuzi:
Kwetu walikwenda wanne, wakarudi wawili.

Kisima_cha_Mtama:
Mkuu, umenitonesha kidonda.

Baba mdogo alikuwa mgambo, kijiji cha ndani Singida. Kwata alijifunzia kwa bunduki ya mti. Baada ya hotuba ya Mwalimu Nyerere ya tarehe 2 Novemba, ile ya uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, lori likaja likawachukua vijana uwanja wa shule. Nilikuwa darasa la tatu. Akanivulia kandambili zake, akasema huko atapewa buti.

Iliwahi kufika barua moja tu: wameshaiteka Mutukula, miguu imejaa malengelenge, msalimieni mama.

Tarehe 11 Aprili redio ikatangaza Kampala imeanguka. Bibi akapika pombe ya mtama, akapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Tulicheza ngoma hadi alfajiri. Kesho yake akaanza kukandika kibanda cha mwanawe.

Mei akaja mwenyekiti wa CCM na askari mgeni. Wakasoma karatasi: amefia Lukaya, huko Uganda, mwezi Machi. Bibi hakulia. Aliuliza, Machi iko kabla au baada ya ile siku tuliyocheza? Mwenyekiti akatazama chini. Nikajibu mimi, kwa sababu miezi nilikuwa nimeshafundishwa shuleni. "Kabla, bibi."

Pombe hakupika tena, hata kwenye harusi yangu. Na mimi hadi leo najiuliza kwa nini nilifungua mdomo.

BintiMchuuzi:
Ulikuwa mtoto. Pole sana.

Jiwe78:
Pole ndugu. Lakini tuseme ukweli, Lukaya mgambo walitimka.

Kisima_cha_Mtama:
Chunga mdomo wako. Yule hakutimka, yuko kaburini.

Jiwe78:
Sijamtaja yeye. Nasema historia.

BabuKwata:
Tulieni wajukuu, mimi nilikuwa vita hiyo. Ni kweli Brigedi ya 201 ilivunjika jioni ya tarehe 10 Machi. Karibu wote walikuwa mgambo, wengi siku yao ya kwanza kunyeshewa maroketi, na mbele yao Walibya waliokuja kumsaidia Amin, na vifaru. Lakini wee Jiwe, maliza hadithi! Usiku uleule walikusanywa. Alfajiri wakarudi kupiga kutoka mbele, huku Brigedi ya 208 ikiwa imezunguka na kutokea nyuma ya adui. Baada ya hapo njia ya Kampala ikawa wazi, na tuliitembea kwa miguu. Waganda wakitutolea ndizi, wakituita bakombozi. Aliyefia Lukaya amefia pale vita ilipogeukia. Mtu asimwambie mwanangu huyu jambo lingine.

Jiwe78:
Shikamoo babu. Hilo la alfajiri sikulijua. Kisima, niwie radhi.

Kisima_cha_Mtama:
Yameisha. Marahaba ya babu naipokea na mimi. Sasa nisaidieni: bibi alifariki bila kuliona kaburi. Nataka niende Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita ile, nichukue udongo kidogo nikauweke kwenye kaburi lake.

Mto_Ngono:
Nenda Julai 25, Siku ya Mashujaa.

BintiMchuuzi:
Usiende siku ya sherehe, utasongamana na watu. Nenda siku ya kawaida ukae naye.

MamaKoku:
Udongo usiuchukue kabla wazee wa ukoo hawajakaa. Mimi nilikimbia ng'ambo ya mto mgongoni kwa mama, wafu wa vita ile nawaheshimu.

Jiwe78:
Mimi nasema achukue. Wazee watamzungusha miaka kumi.

BabuKwata:
Lile ni eneo la jeshi. Kwanza omba ruhusa kambini, beba kitambulisho na ile karatasi ya 1979 kama ipo.

Kisima_cha_Mtama:
Ipo, babu. Imekatikakatika kwenye mikunjo ila jina linasomeka. Basi la Bukoba linapita hapo?

Mto_Ngono:
Linapita. Ukishavuka Muleba mwambie kondakta akushushe Kaboya. Niambie siku, nitakuja kukupokea stendi.