Nina bima ya milioni 2, nimevunjika mtulinga Gatineau, nalipwa dola 400 kwa wiki. WAKALA ANANIAMBIA "NDIVYO ILIVYO"

Wakuu, naandika kwa mkono mmoja, makosa ya herufi mtanivumilia.

Naishi Ottawa, mkoa wa Ontario. Wa huku mnajua, ukivuka daraja la Macdonald-Cartier tu umeingia Gatineau, mkoa wa Québec. Hakuna geti, hakuna askari, hakuna wa kukuuliza pasi. Unachokiona ni vibao kugeuka Kifaransa. Siku hiyo napeleka masufuria mawili ya pilau kwenye arobaini ya mtoto wa rafiki yetu. Jamaa kapita taa nyekundu, kanivaa ubavuni. Pilau yote kwenye viti, mtulinga wa kushoto vipande viwili.

Polisi wakaandika kosa ni lake. Nikajipa moyo. Nina bima kubwa, tena kikomo cha dola 2,000,000! Wakala aliponiuzia aliniambia kwa mdomo wake, "Chukua milioni mbili kaka, popote Kanada uko salama." Kila mwezi nalipa, sijachelewa hata siku moja.

Sasa sikilizeni. Ile milioni 2 si yangu. Ni ya yule nitakayemgonga MIMI. Nikimvunja mtu na nikadaiwa, bima inamlipa mpaka kiwango hicho. Mimi nikivunjwa, naangukia kifungu kingine kabisa kinachoitwa faida za ajali, na pale Ontario inafidia asilimia 70 ya mshahara, lakini isizidi dola 400 kwa wiki. Mimi ghalani napata 1,150 kwa wiki kabla ya kodi. Asilimia 70 ni 805. Napewa 400. Kodi ya nyumba inajua mtulinga?

Nikasema sawa, basi nitamshitaki aliyenigonga anilipe kilichobaki. Mwanasheria kanisikiliza dakika kumi, kafunga faili. Québec tangu 1978 huwezi kumshitaki dereva kwa kuumia mwili, mlango umefungwa. Mkazi wa kule akiumia analipwa na shirika la serikali la mkoa, SAAQ, bila kuuliza nani mkosaji. Nikamwambia mimi si wa Québec, bima yangu ya Ontario, gari la Ontario, nifungulie kesi Ottawa. Akanitajia kesi ya Tolofson: Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua mwaka 1994 kwamba sheria inayofuatwa ni ya mahali ajali ilipotokea. Humo humo kulikuwa na watu wa Ontario walioumia Québec kama mimi. Wakagonga mwamba.

Hapo bado sijafika penye hasira yenyewe.

Nina mwenzangu Mkongo, zamu moja, mshahara mmoja, yeye anaishi upande wa Hull, huko huko Gatineau. Mwaka jana aligongwa OTTAWA, mtaa wa tatu kutoka kwangu. SAAQ ikamlipa, kwa sababu mkazi wa Québec inamfuata popote duniani, asilimia 90 ya mshahara baada ya makato. Hata ukipunja hesabu, kwa mshahara wetu haishuki 700 kwa wiki. Na kwa kuwa aligongwa Ontario, anaruhusiwa kumdai aliyemgonga kilichozidi hapo! Yaani yeye kaumia kwangu kapata, mimi nimeumia kwao nimekosa. Aliponieleza nilidhani ananitania.

Ni yeye aliyeniambia, "Kaka, ulichagua nini?" Nikamuuliza kuchagua nini? Kumbe kanuni za Ontario zenyewe zinampa haki mtu aliyeumia mkoa mwingine: achukue faida za Ontario, au kampuni yake ya bima imlipe kama angekuwa mkazi wa kule ajali ilikotokea. KAMPUNI YANGU ILEILE! Afisa wa madai amenipigia simu si chini ya mara sita. Kaniuliza natumia mkono gani kula, kaniuliza nafanya mazoezi ya fiziotherapia mara ngapi. Hilo la kuchagua hakuligusa. Kwenye lundo la karatasi nilizosaini nikiwa nimelewa dawa za maumivu, nimechagua Ontario. Nimemuuliza, kajibu, "Ulisaini mwenyewe." Wakala naye, "Ndivyo ilivyo."

NYONGEZA: Mnaouliza kinyume chake, gari la Québec likikugonga ukiwa Ottawa. Kule kikomo cha chini cha lazima cha kulipia watu wengine ni 50,000 tu, huku ni 200,000. Kampuni za bima ziliweka ahadi ya maandishi kwamba gari likitoka mkoani kwake, kikomo kinapanda kufikia kima cha chini cha mkoa liliko. Kwa hiyo huyo wa 50,000 akivuka daraja kuja kwetu anahesabika 200,000. Kinapanda mpaka hapo tu. Ukivunjika uti wa mgongo, 200,000 ni pesa ya mwaka mmoja wa matunzo, labda. Angalieni kwenye mikataba yenu kama mna kiambatisho namba 44R, kinafidia pengo la aliyekugonga akiwa na bima ndogo kuliko yako. Mimi ninacho, ila kinalipa kile tu ambacho una haki ya kumdai mkosaji, na kwa Québec nimeshawaambia mlango ulivyo.

Anayesema "si ungesoma mkataba", mkuu, wewe wako umeusoma?

Mgogoro naupeleka kwenye baraza la rufaa la leseni la Ontario, ndilo linalosikiliza migogoro hii ya bima, muda ni miaka 2 tangu kampuni ya bima ilipokataa. Kama kuna aliyewahi kusaini kama mimi halafu akakubaliwa kubadili uchaguzi, aje hapa au anitumie ujumbe wa faragha. Ile karatasi niliyosaini naipiga picha naiweka komenti ya kwanza, jina na namba ya dai nimefuta.