Mjadala: Je, shirika la hisani lina ruhusa ya kujaribu jambo lisilo na hakika?

Mchangiaji aliyetangulia ameandika kwamba fedha za msaada ni amana, na kwa kuwa amana haichezewi, hakuna shirika la hapa Mombasa lenye ruhusa ya kuzitia katika jambo ambalo halijathibitishwa kwingine. Kuhusu amana namuunga mkono. Hitimisho lake ndilo ninalolipinga.

Tutazame machimbo ya Bamburi. Mwaka 1971, René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alipopewa na kampuni ya saruji ya Bamburi kazi ya kuotesha miti juu ya mwamba wa matumbawe uliochimbwa kwa ajili ya saruji, alipanda aina 26 ili aone ipi itastahimili. Zilipona 3 tu, mvinje ukiwa mmojawapo. Hata majani yake yaliyodondoka hayakuoza mpaka majongoo walipoletwa, wakayala na kuyageuza udongo. Leo watoto wetu huenda pale pale kutazama twiga na viboko. Najua kwamba ile ilikuwa kazi ya kampuni, lakini linalonigusa ni kwamba miche ilifia machimboni, katika ardhi ambayo hakuna aliyeitegemea kwa chakula chake cha jioni.

Nilipojitolea katika shirika dogo kule Likoni, mambo yalikuwa kinyume. Mama karanga, wale wanawake wakaanga samaki wa kuuza, walishawishiwa watoe sehemu ya akiba ya chama chao, shirika liongezee, inunuliwe friza kubwa ya samaki. Hakuna aliyepiga hesabu ya tokeni za umeme. Baada ya miezi michache friza ilikuwa imezimwa na kufunikwa leso kuukuu, juu yake yamepangwa makarai, nao akina mama wangali wanadaiana. Ripoti ya shirika iliuita mradi huo ubunifu.

Ninalotaka ni shirika litenge fungu dogo, limweleze mfadhili mapema kwamba huenda likapotea, liandike siku ya kusimamisha jaribio, na hasara ibaki mikononi mwake lenyewe. Kukaa bila kujaribu nako hakumwokoi mtu: Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada ya nje kwa siku 90, yalitikisika hata mashirika yaliyokuwa yametii kila kanuni ya mfadhili huyo mmoja.

Basi mchangiaji anijibu: kati ya miche ya Bamburi na friza ya Likoni, ni ipi anayoiita kuchezea amana?