Mbweha anakuja mbio, kisha anasimama mbali na kuondoka: nakosea wapi katika kupuliza filimbi ya kuitia?

Mgeni_wa_Lindo aliuliza:

Ndugu zangu, naomba msaada wa wenye uzoefu wa kuwaita mbweha kwa filimbi za mdomo, yaani zile ndogo zinazoshikwa mkononi na kupulizwa, si spika za betri. Ninamzungumzia mbweha mwekundu, kwa kuwa katika lugha yetu jina hilo moja hubeba wanyama kadhaa wasiofanana tabia. Mwenye shamba la kondoo amenipa ruhusa ya maandishi ya kuwinda kwake kabla kondoo hawajaanza kuzaa, na hadi sasa nimekwisha kutoka jioni nne.

Ninazo filimbi mbili. Ya kwanza ni ya mbao, na kilimi chake, yaani kile kipande chembamba kinachotikisika na kutoa sauti, kimefungiwa ndani, hivyo napuliza tu na mlio wa sungura aliyekamatwa unatoka. Ya pili ni ya plastiki, na kilimi chake kiko wazi juu ya ubao mdogo ambao naubana kwa midomo. Hii ya pili inanishinda kabisa, kwa sababu mara inalia kama bata, mara inakaa kimya.

Jioni ya tatu nilikaa nimeegemea ua wa miti, upepo ukinipiga shavu la kushoto, mbele yangu kukiwa na malisho mapana na kuliani kwangu korongo lenye vichaka. Baada ya dakika kama sita za kupuliza, mbweha alitokea upande wa pili wa malisho na kuja mbio moja kwa moja. Nikaendelea kupuliza kwa nguvu ili asipotee. Alipofika kama mita 150 akakaa chini kama mbwa, akanikazia macho, kisha akazunguka polepole kuelekea kuliani, akaingia korongoni na sikumwona tena. Jioni ya nne mambo yakawa yale yale, ila huyo hakukaa hata chini. Je, tatizo ni sauti yangu, au nipulize kwa muda mrefu zaidi? Na wenzangu mnawezaje kushika filimbi na bunduki kwa wakati mmoja?

Mvizia_Alfajiri alijibu:

Ndugu, sauti yako haina kosa. Mbweha aliyevuka malisho yote kwa mbio amekwisha kuuamini mlio. Kilichomsimamisha ni macho yake, na kilichomwondoa ni pua yake.

Soma tena ulichoandika mwenyewe. Upepo ulitoka kushoto, naye akazunguka kuliani, yaani upande ambao harufu yako ilikuwa ikipelekwa, ule ambao mabaharia wangeuita wa demani. Mbweha haridhiki na masikio peke yake. Akisikia sungura analia, hasa mbweha aliyekwisha kuona misimu miwili au mitatu, atajaribu kupita chini ya upepo ili anuse kabla ya kujionyesha, na wewe ulimwekea korongo lenye vichaka pale pale alipotaka kupita. Alipoingia humo aliipata harufu yako bila wewe kuona hata ncha ya mkia wake. Huwezi kumzuia asizunguke, lakini unaweza kuchagua mahali ambapo kuzunguka kwake kutamlazimu kupita peupe. Katika malisho hayo hayo, ningehamia upande wa pili wa korongo, vichaka viwe upande utokako upepo na uwanda uwe upande uendako, kisha ningekaa nimegeuza kifua na bunduki kuelekea huko atakakopita, si kuelekea mahali ninapodhani atatokea. Wanaoanza wengi hutazama walikotarajia mbweha atoke, na mbweha huwapita ubavuni.

Kuhusu nguvu ya sauti, anza kwa mlio mdogo kuliko unavyofikiri unafaa. Mbweha mwekundu huwinda panya wa shambani kwa kusikiliza, na masikio yake yana makali zaidi kwenye milio myembamba ya karibu na kilohezi 4. Mlio mwembamba ambao wewe unaona umeishia miguuni pako, yeye anausikia vizuri. Isitoshe, huenda amelala kichakani hatua 50 tu kutoka ulipo, na ukimpigia kelele ghafla utamfukuza badala ya kumwita. Mimi hupuliza kwa pole kama nusu dakika, nikanyamaza dakika mbili au tatu huku macho tu yakitembea, kisha nikaongeza sauti kidogo. Nikimaliza dakika 20 bila kuona kitu, naondoka kwa utulivu ule ule niliojia nao, maana mara mbili nimewahi kumwinua mbweha aliyekuwa bado njiani nilipokuwa nakunja kiti changu.

Kosa lako kubwa la pili ni kuendelea kupuliza alipokuwa anakuja. Mlio unamwonyesha mahali ulipo kwa usahihi wa kutisha, na alipotazama pale akaona mkono unapanda na kushuka mbele ya uso mweupe. Akishaelekea kwako mbio, nyamaza. Akipunguza mwendo, mtolee mlio mmoja mwembamba wa panya kwa kubusu mgongo wa kiganja, ndipo unyamaze tena. Ni aibu kidogo kwa mtu mzima kukaa gizani akibusu mkono wake, lakini hakuna chombo nilichokinunua ambacho kimeniletea mbweha karibu zaidi.

Kwa ajili ya mikono, tafuta kile kibati kidogo kilichokunjwa mara mbili chenye tundu katikati, ambacho wawindaji wa Australia wanakipenda sana. Hukaa kati ya midomo na meno, hivyo mikono yote miwili inabaki kwenye bunduki. Kinahitaji siku kadhaa za kutoa upepo mtupu kabla hakijalia.

Kilimi_Wazi alijibu:

Nakubaliana na Mvizia kuhusu upepo, ila nitatofautiana naye kidogo kuhusu kunyamaza, na nitakuja huko. Kwanza nikusaidie na filimbi ya plastiki, kwa sababu ukiimudu utaiacha ile ya mbao nyumbani.

Filimbi yenye kilimi kilichofungiwa ndani ina sauti moja ambayo mtengenezaji ameichagua, na wewe unaibadilisha kidogo tu kwa pumzi na kwa kufungua na kufumba kiganja mdomoni mwake. Kilimi kilicho wazi ni kama zumari: midomo yako ndiyo inayoamua. Ukibana karibu na ncha ya kilimi, sehemu inayotikisika ni fupi na mlio unakuwa mwembamba kama wa panya au mtoto wa sungura. Ukirudisha midomo kuelekea shina, sauti inashuka na kuwa nzito. Unapolia kama bata, maana yake umeingiza kilimi ndani mno na unabana kidogo mno. Inapokaa kimya, umebana kupita kiasi na kilimi kimelala juu ya ubao. Anza katikati, puliza kwa pumzi ya tumboni bila kujaza mashavu, na ongeza mbano polepole hadi sauti ipasuke kutoka kwenye mkoromo na kuwa kilio. Ukishaipata mara moja, midomo yako haitaisahau.

Kisha jifunze umbo la kilio chenyewe. Sungura aliyeshikwa hatoi mlio mmoja mrefu. Hulia vipande vifupi, kila kimoja kikianza juu kwa ghafla na kushuka mwishoni, vipande vinane au kumi kwa mfululizo, na vinalegea kadiri pumzi inavyomwishia. Anayepuliza kwa mapigo yaliyolingana kama saa ya ukutani husikika kama mashine. Mimi huacha sauti ikwaruze, ikatike, na hata ikwame. Katika kazi hii dosari ni mali.

Mazoezi hayo yafanyie chumbani au garini, kamwe usiyafanyie katika shamba unalowinda. Mbweha aliyesikia kilio hicho hicho mara kadhaa na kila alipokikaribia akapata harufu ya mtu, au mbaya zaidi aliyekoswa risasi, hawezi kudanganywa tena na sauti hiyo kwa muda mrefu. Wale wawili wako huenda wamekwisha kuingia katika kundi hilo, kwa hiyo usiwarudie na sungura; wajie na panya.

Jambo dogo linaloharibu jioni nyingi ni mate. Kwenye baridi kali mate huganda chini ya kilimi, na hata kusipokuwa na barafu hukibandika ubaoni kiasi kwamba filimbi inatoa sauti ya kifaranga mwenye mafua. Ivae shingoni kwa kamba, ndani ya koti ili ipate joto la mwili, na kabla ya kila mfululizo ikung'ute mara moja mapema, si wakati mbweha amekwisha kutokea.

Sasa kuhusu kunyamaza. Penye vichaka na kuta za mawe, ushauri wa Mvizia ni sahihi kabisa. Lakini kwenye uwanda mpana, ambako mbweha anatoka mita 400 au zaidi, nimeona wengi wakipoteza hamu njiani na kuanza kuchimba panya wao wenyewe. Huko mimi huendelea kwa mlio mdogo na wa vipindi mpaka afike kama mita 200, na hukaa nusu saa nzima, si dakika 20.

Mvizia_Alfajiri alijibu:

Kwa uwanda wa namna hiyo siwezi kubisha, maana mimi huwinda penye kuta na vichaka. Niongeze tu kwamba wakati wa kupandana, ambao kaskazini mwa ikweta huwa Desemba hadi Februari na kusini huwa katikati ya mwaka, dume anaweza kupuuza sungura kabisa na bado akaja kwa ukelele wa jike. Mlio huo ni mkavu na mrefu, na ukiusikia kwa mara ya kwanza usiku utadhani kuna mtu anadhurika. Utumie kwa uchache, mara moja au mbili kila baada ya dakika tano.

Mchunga_Mipaka alijibu:

Wakuu wamesema ya kumleta, nami niseme ya kabla ya kumpiga, kwa kuwa filimbi hii haichagui anayeifuata. Kilio cha sungura huwaita mbwa wa jirani, paka, bundi, na hata mwindaji mwingine ambaye hajui kwamba sungura huyo ni wewe. Bundi mmoja aliwahi kunigusa kofia kwa kucha, na tangu siku hiyo sikai bila ukuta au shina la mti nyuma yangu. Hakikisha mwenye shamba anajua usiku utakaokuwapo, na uliza kama amempa ruhusa mtu mwingine.

Usiku, macho yanayong'aa kwenye mwanga wa taa si mbweha mpaka uone mwili. Kondoo, mbwa na paka wa shambani wote macho yao hurudisha mwanga. Na kwa kuwa mbweha anayeitwa humjia mwitaji uso kwa uso, mara nyingi nyuma yake pana kitu: kilima kikiwa kizuri, kundi la kondoo au barabara kikiwa kibaya. Panga tangu mchana ni pembe zipi hutapiga, hata kama mbweha atakaa hapo akupungie mkono. Kwa bunduki ya marisau usijaribu zaidi ya mita 35, na kwa ya risasi hakikisha kuna udongo wa kuipokea. Soma pia sheria za eneo lako kuhusu misimu, taa za usiku na vyombo vya kuitia, kwa sababu zinatofautiana sana kutoka nchi moja hadi nyingine. Jike akishakuwa na watoto pangoni, baada ya mimba ya siku kama 52, mimi binafsi huiweka filimbi kabatini.

Mgeni_wa_Lindo alijibu:

Nawashukuru sana. Nimerudi na taarifa baada ya kuwaacha mbweha hao wapumzike majuma mawili.

Jana nilivuka korongo na kukaa kama Mvizia alivyoelekeza, vichaka vikiwa upande utokako upepo, kitambaa cheusi usoni na bunduki tayari kwenye kitegemeo. Sikugusa filimbi ya mbao. Nilibana kilimi cha plastiki karibu na ncha na kutoa mlio wa panya kwa sauti ambayo niliona haya hata kuiita mlio. Dakika ya kumi na moja alitokea, wala hakuja mbio. Alizunguka peupe kwa hatua fupi fupi, pua juu, masikio yote mawili yamenielekea. Alipokuwa kama mita 40 nilibusu mgongo wa kiganja mara moja, akasimama papo hapo na mguu mmoja wa mbele ukiwa hewani. Nyuma yake, kwenye mstari ule ule, kulikuwa na kondoo wawili wamelala. Sikufyatua. Akapiga hatua tatu zaidi, akaipata harufu yangu, akageuka na kuondoka bila haraka yoyote.

Swali langu la mwisho: je, nimrudie kesho akiwa bado na hamu, au nimekwisha kumwelimisha?

Mvizia_Alfajiri alijibu:

Alikunusa, lakini hakusikia mlipuko wala hakuumia, kwa hiyo hajajifunza sana. Hata hivyo usirudi kesho. Mpe majuma mawili au matatu, kaa mita 200 kutoka mahali pa jana, mwombe mwenye shamba awahamishe kondoo jioni hiyo, na ubadilishe sauti. Kama majira ya kupandana bado hayajapita, mjaribu kwa ukelele wa jike.