Naomba ushauri: namba ndogo kuliko zote yenye vigawo 16 inatafutwaje?

Wakuu habari za jioni. Nipo Tabata, hapa jirani kuna vijana wa sekondari huwa nawasaidia hesabu, na sasa tumefika kwenye kuhesabu vigawo, yaani namba zinazoigawa namba fulani bila kubakiza.

Kanuni yenyewe wameielewa vizuri. Unachambua namba kuwa namba tasa, kila kipeo unaongeza 1, halafu unazidisha. Kwa mfano 360 ni 2³ × 3² × 5, kwa hiyo vigawo ni 4 × 3 × 2 = 24. Hata kwa nini 36 ina vigawo 9, idadi witiri, wameona wenyewe: vigawo huja viwiliviwili, ila 6 inajizidisha yenyewe, haina mwenzake.

Shida ni kurudi kinyumenyume. Kwa vigawo 12 niliwaambia wachambue 12 = 3 × 2 × 2, vipeo viwe 2, 1, 1, tukapata 60. Safi kabisa. Kwa 8 njia hiyohiyo inatoa 2 × 3 × 5 = 30, wakati 24 nayo ina vigawo 8, tena ni ndogo zaidi! Kwa 16 ni vilevile, inatoa 210 ila jibu ni 120.

Naona kuzidisha kwa 2² (yaani kupandisha 2 iwe 2³) ni nafuu kuliko kuongeza 5 au 7. Sasa wataalamu, kuna njia ya kujua mapema lini upandishe kipeo cha 2 na lini uongeze namba tasa mpya, au ni lazima kujaribu michanganyiko yote? Mwenye maelezo ya Kiswahili chepesi nitashukuru, hawa madogo wanauliza maswali kuliko polisi.