Tumetoka Dodoma hadi Bagamoyo kuvua, tukakuta bahari imekupwa. Nataka hela yangu

Wakuu, nimejizuia wiki nzima, nimeshindwa. Kuna waandaaji wa safari hapa Dodoma, jina naliacha, wakisoma watajijua. Walitangaza kwenye magrupu: siku ya familia, kuvua samaki wa baharini ukiwa ufukweni, kwa saa tano nzima mshipi mkononi. Mkubwa 150,000, mtoto 90,000. Nikalipia watu sita: mimi, mke wangu, mama yangu mzazi na watoto watatu. Jumla 720,000. Hiyo ni alizeti ya msimu mzima, wakuu.

Mama ana miaka 68. Kazaliwa Kongwa, kakulia Kongwa, na maji mengi kuliko yote aliyowahi kuyaona ni Bwawa la Mtera. Kwa mdomo wake alisema anataka aione bahari kabla hajafa.

Tangazo lilisema tunakwenda na SGR, siku ya safari ikaletwa Coaster. Hilo nalipita, ingawa nauli ya treni daraja la kawaida ni 31,000 tu hadi Dar. Tumebanana usiku kucha. Tulipopita Gairo mwezi ulikuwa mpevu, unamulika barabara nzima, watoto wanaushangilia. Shikeni hapo kwenye mwezi. Chalinze tukakata kwenda Msata, na saa nne kasoro asubuhi tukawa Bagamoyo.

Tunashuka, bahari hakuna. Mchanga, halafu tope, ngalawa zimelala ubavu, maji ni mstari mwembamba kule mbali. Mama akaniuliza taratibu, "Baba, bahari yenyewe ndiyo hii?" Nilikosa la kumjibu.

Mwenyeji wao akagawa mishipi iliyozungushwa kwenye chupa za maji, ndoana zimeshika kutu, chambo ni kamba walioanza kunuka. Akasema tuyafuate maji huko huko yaliko. Mtoto wa miaka sita na bibi mwenye magoti mabovu, kwenye tope, jua la saa tano! Tumeyafuata, tukatupa mishipi kwenye maji ya kifundo cha mguu. Samaki gani anakaa hapo?

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anakalafati dau lake akatuonea huruma. "Mwanangu, hao waliowaleta hawakuutazama mwezi? Leo bamvua, maji yanajaa sana na kupwa sana. Maji yamekupwa saa nne, yatajaa saa kumi jioni. Mrudishe mama kivulini, msubiri."

Tukakaa chini ya mivinje. Na kweli, mchana maji yakaanza kurudi, na kufika saa tisa zile ngalawa zilikuwa zinaelea. Mama alisimama akakunja kanga, akaingia hadi magotini, akachota kwa kiganja akaonja. Binti yangu wa darasa la tano akatupa mshipi. Saa tisa na nusu ukakaza, ukamkata kidole cha shahada, hauachii: "Baba kuna kitu! Baba kuna kitu!" Changu wa ukubwa wa kiganja, anarukaruka mchangani. Hapo hapo dereva akapiga honi. Muda umekwisha, gari kesho lina safari nyingine. Nusu saa kabla ya maji kujaa! Niliomba tuongezewe saa moja, wakakataa. Watoto wamepakiwa wanalia, na mama hakusema neno hadi Morogoro.

Jumatatu nikaenda ofisini kwao. Kijana wa mapokezi akanijibu, "Mzee, bahari ni ya Mungu, hatuwezi kuipangia."

Hapo ndipo nilipochemka. Mvua ndiyo huwezi kuipangia. Maji ya bahari yana ratiba. Kwa siku yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, kila siku yanachelewa kama dakika 50, na majedwali yake yanatoka kabla mwaka haujaanza. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua, na kwa pwani yetu kupwa kunaangukia asubuhi, mnamo saa nne. Wangeisogeza safari wiki moja tu tukakuta maji mafu, yaani yasiyojaa wala kupwa sana, saa nne hiyo hiyo yangekuwa yamejaa, na hata yakikupwa yasingekwenda mbali vile. Mtu anauza uvuvi wa ufukweni bila kulijua hilo, anauza nini? Au analijua, ila ameshahesabu kwamba sisi watu wa bara hatujui kupwa wala kujaa, tutakanyaga tope, tupige picha na kurudi tukishukuru?

Madai yangu: wanirudishie nusu, 360,000, au watupeleke upya kwa gharama zao, tarehe nichague mimi na jedwali la maji mkononi. Nimewapa hadi Ijumaa. Baada ya hapo napeleka malalamiko Tume ya Ushindani, wanaolinda haki za walaji. Aliyekuwa kwenye Coaster ile, au aliyewahi kufanyiwa hivi, ajitokeze hapa twende pamoja. Risiti zangu zote sita ninazo.